Namna ya kukosoa picha ya ndege ili mwenye picha apate la kufanya

Majibu yaliyozoeleka kwa picha ya ndege ni mawili: "Kali sana, mashallah" na "Hii haijatoka." La kwanza linampendeza mwenye picha, la pili linamuudhi, na yote mawili yanamwacha palepale alipokuwa. Kesho yake atarudi mikokoni apige vilevile. Maoni yenye faida hutaja kitu kinachoonekana kwenye picha, hueleza kimesababishwa na nini, kisha humpa mpigaji jambo la kufanya safari ijayo, akiwa na kamera hiyohiyo na mahali palepale. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. "Nunua lenzi kubwa" si maoni. Bei ya lenzi ya milimita 600 anaijua, ndiyo maana hajanunua.

Yafuatayo ni kwa watu wanaotazamiana picha za ndege huku kusini mwa Tanzania, wawe wanapiga Msimbati, Mikindani, kwenye mikoko ya Lindi au juu Rondo.

Pata picha yenyewe kwanza

Usikosoe picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida. Programu hiyo huibana picha ili isile bando, na katika kubanwa huko mistari midogo ya manyoya hupotea na anga laini huota vijiboksi. Utamlaumu mwenzako kwa kosa ambalo si lake. Mwambie aitume kama dokumenti, au akupe kadi ya kamera uifungue kwenye kompyuta. Faili lililokuja hivyo hubaki pia na kumbukumbu zake za ndani: kasi ya shata (muda mwanga unaoingia, kwa sehemu za sekunde, kama 1/400), tundu la lenzi (upana wake, huandikwa kwa f), ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), urefu wa lenzi, tarehe na saa. Ukiwa nazo huhitaji kubahatisha chanzo cha kosa.

Kisha geukia kioo chako mwenyewe. Zima kile kichujio cha njano cha kupumzisha macho usiku, weka mwangaza wa kati, kaa kivulini. Simu iliyopandishwa mwangaza hadi mwisho huifanya picha yenye giza ionekane sawa, na ukiitazama chumbani taa zikiwa zimezimwa, picha iliyo sawa itaonekana imeungua. Ukiwa na shaka fungua histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha unaoanza na giza kushoto hadi weupe kulia. Kilima kilichobanwa kwenye ukuta wa kulia maana yake kuna weupe uliopotea, kioo kiseme kinachotaka.

Muulize mwenye picha kama anataka maoni au ameileta tufurahi naye. Aliyempata furukombe kwa mara ya kwanza huenda anataka pongezi tu, na ni haki yake. Akisema anataka maoni, muulize mambo mawili zaidi: alitaka tuone nini, na alipiga saa ngapi, maji yakiwa wapi. Bila jibu la kwanza unaweza kumkosoa kwa jambo alilolikusudia, kwa mfano mabawa aliyoyaacha yafifie ili mwendo uonekane.

Sasa tazama. Sekunde kama kumi picha nzima bila kuikuza, uone jicho lako linakimbilia wapi. Likikimbilia chupa ya plastiki kwenye kona badala ya ndege, umeshapata jambo la kusema. Halafu kuza hadi asilimia 100 kwenye jicho la ndege. Mwisho zunguka kingo zote nne polepole. Watu wengi huanza na kukuza, kwa hiyo huishia kuhesabu manyoya ya picha ambayo kwa jumla haina mpangilio.

"Haijashika": tafuta ni ukungu gani

Hii ndiyo lawama inayotolewa ovyo kuliko zote. Mambo manne tofauti huifanya picha ya ndege iwe na ukungu, na ukimpa mtu dawa ya moja wakati anaugua jingine, atapoteza msimu mzima akijaribu.

La kwanza ni fokasi kuangukia pengine. Dalili yake ni kwamba kuna kitu kingine ndani ya picha kilicho kikali: jani la mkoko mbele ya ndege, mkia wake, au tope la nyuma. Kitafute, karibu kila mara kipo. Kwa lenzi ya milimita 400 kwenye f/5.6 na kamera yenye kihisi kikubwa (full frame), ndege akiwa umbali wa mita 10, sehemu inayotoka kali kutoka mbele hadi nyuma ni kama sentimita 20. Akiwa mita 5 zinabaki kama sentimita 5 tu. Yangeyange aliyekuelekea amebeba tofauti kubwa kuliko hiyo kati ya jicho na bega lake. Mshauri atumie alama moja ya fokasi na kuiweka kichwani mwa ndege, au awashe ufuatiliaji wa macho kama kamera yake inao. Akiwa karibu sana, apande hadi f/8, yaani tundu dogo zaidi. Ikibidi kichague kipande kimoja cha ndege kitoke kikali, kiwe jicho.

La pili ni kamera kutikisika. Hapo kila kitu kimeburutwa upande mmoja, ndege pamoja na tawi alilokalia, na nukta za mwanga majini zimekuwa vijistari. Soma kasi ya shata. Kwa mikono mitupu, lenzi ya milimita 400 isishuke chini ya 1/400, na kwa lenzi nyingine fuata namba yake hivyohivyo. Ndani ya boti au mtumbwi anza na 1/1000. Usimshauri mtu aweke stendi ya miguu mitatu botini. Stendi hupokea mtikisiko wa injini na mawimbi na kuupeleka wote kwenye kamera, ilhali magoti na viwiko humeza sehemu yake.

La tatu ni ndege mwenyewe kusogea. Tawi ni kali, kucha ni kali, lakini kichwa au ncha za mabawa zimefutika. Kwa ndege aliyetulia 1/500 hutosha. Vitwitwi wanaokimbia topeni wanataka 1/1000, furukombe na korongo wakiwa angani 1/1250, na kwa mdiria anayepiga mbizi, kerem au mbayuwayu usitegemee chochote chini ya 1/2500. Wengi huzijua namba hizi ila huogopa kupandisha ISO. Waambie wazi: chengachenga zinazoletwa na ISO ya juu hupunguzika kwenye kompyuta, ukungu wa mwendo hauondoki. Picha ya ISO 3200 iliyoshika ni bora kuliko ya ISO 200 iliyofutika.

La nne ni hewa yenye joto, nalo karibu hakuna anayelitaja. Hakuna kitu kikali popote kwenye picha, kingo za ndege zinaonekana kama zinacheza, na ukiomba picha kumi za mfululizo za ndege huyohuyo aliyesimama utaona kila moja imeharibika kivyake. Mara nyingi huanza asubuhi ya saa tatu hivi, juu ya mchanga mkavu, tope lililoachwa na maji au mashamba ya chumvi. Hewa ya moto inayopanda hupinda mwanga kabla haujafika kwenye lenzi. Shata ya 1/4000 haisaidii na stendi haisaidii. Lenzi ndefu huonyesha tatizo zaidi. Dawa ni kusogea karibu, au kupiga kabla ardhi haijashika moto. Usipolitambua hili unaweza kumfanya mtu aipeleke kwa fundi lenzi isiyo na ubovu wowote.

Mwanga na maji

"Ina giza" na "imeungua" ni maelezo sahihi lakini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kueleza kamera ilidanganywa na nini. Kamera hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Yangeyange akisimama mbele ya mikoko iliyokolea, kamera inaona giza jingi, inaongeza mwanga, na manyoya ya shingo yanapotea kabisa. Hapo ashushe fidia ya mwanga, ile mizani ya + na − ya kamera, kwa theluthi mbili hadi 1. Ndege huyohuyo akiruka mbele ya anga jeupe la mawingu, kamera hufanya kinyume, na ndege hutoka mweusi. Hapo apandishe kwa 1 hadi 2.

Mtihani mgumu wa pwani hii ni yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi anayekula kaa, Dromas ardeola, ambaye huonekana kwenye matope ya maingilio ya Mto Ruvuma, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000. Huwezi kuulinda weupe na weusi wake vyote kwa pamoja kwenye jua kali. Mshauri mpigaji aulinde weupe. Weusi ulio gizani utainuliwa baadaye akipiga faili ghafi (RAW), lakini weupe ulioungua haurudi. Kwa hiyo ukiona mgongo wa ndege huyu umekuwa doa jeusi lakini kifua kina manyoya yanayohesabika, usiseme picha ina giza. Mpigaji alichagua vizuri, mpongeze.

Kisha kuna suala la upande wa jua, na hapa mkosoaji mwenyeji ana msaada ambao mgeni hawezi kuutoa. Mwambao wetu kwa jumla unatazama mashariki. Anayesimama nchi kavu asubuhi na kuelekeza lenzi baharini anapiga dhidi ya jua, na ndege wake hutoka vivuli vitupu hata akibadili kila kitufe. Kumwambia "ongeza mwanga" ni kumpotosha, kwa kuwa maji yanayong'aa yataungua kabla ndege hajaonekana. Mwambie arudi jioni, tena amtazame mwezi kwanza. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi jioni. Mambo mawili hukutana saa hiyo: maji yanawasukuma ndege wa topeni hadi karibu na ufuko, na jua limehamia mgongoni mwa mpigaji. Siku za maji mafu, saa hiyohiyo maji ndiyo yametoka na ndege wametawanyika mbali. Mvuvi yeyote wa Shangani atakwambia bamvua ni lini, huhitaji programu ya simu.

Kuhusu jua la mchana: Mtwara iko nyuzi 10 kusini ya ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 20 Februari. Kipindi hicho ndicho chenye wageni wengi kutoka kaskazini ya dunia, wakiwemo sululu na vitwitwi, kwa hiyo ndipo picha mbaya za mchana zinapokuwa nyingi. Zitambue kwa tundu la jicho lililojaa kivuli, mgongo uliong'aa na tumbo jeusi. Dawa ni kumaliza kabla ya saa mbili na nusu asubuhi na kuanza tena saa kumi, au kusubiri wingu. Kama mpigaji hana nafasi saa hizo, basi apige taswira zinazoakisiwa majini na nyayo topeni, vitu visivyohitaji jicho la ndege.

Lenzi ilikuwa wapi

Ukiona mgongo wa ndege mwingi kuliko kifua chake, na nyuma yake kuna tope tupu lenye kila kokoto, mpigaji alisimama wima. Aliinua kamera hadi usoni mwake, ndege akabaki chini. Akilala au akachuchumaa, lenzi ikawa sentimita 20 hadi 30 juu ya mchanga, mambo mawili hubadilika kwa pamoja. Anamtazama ndege usawa wa macho, na kinachoonekana nyuma si tena mchanga ulio nusu mita kutoka mkiani bali mikoko au maji yaliyo mita mia mbali, ambayo hulainika yenyewe bila lenzi ya bei mbaya. Ni ushauri usio na gharama ila kuchafua kanzu au suruali, na ndio unaobadilisha picha haraka kuliko mwingine wowote. Mtajie pia tahadhari: mfuko wa plastiki chini ya viwiko, na asilale kwenye tope maji yakiwa yanajaa nyuma yake.

Juu ya miti ni kinyume. Chozi aliyepigwa kutoka chini kabisa ya mkorosho ni tumbo na anga. Arudi nyuma hatua kumi. Pembe inapungua, ingawa ndege anakuwa mdogo.

Mpangilio wa fremu haustahili maneno mengi kama unavyopewa. Angalia bawa au mdomo uliokatwa na kingo, nafasi mbele ya ndege iwe kubwa kuliko ya nyuma, na upeo wa bahari uwe sawa, kwa sababu bahari iliyoinama kila mtu anaiona. Kivuli cha ndege majini kikikatwa nusu, ama kiachwe chote ama kiondolewe chote. Matawi yanayopita mbele ya uso ni tatizo, yanayopita nyuma mara nyingi si tatizo.

Ukishauri kukata kingo, piga hesabu kwanza. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Ukimwambia abaki na robo ya kila upande, atabaki na 1500 kwa 1000, yaani megapikseli 1.5. Kwa simu inatosha. Kwa kuchapa sentimita 30 kwa 20 zenye ubora wa pikseli 300 kwa inchi anahitaji kama 3540 kwa 2360, na hana. Muulize picha inakwenda wapi kabla hujashika mkasi.

Rangi, na jina la ndege

Rangi ya picha ya ndege ni ushahidi, ndiyo maana inafaa ukosolewe uhariri uliozidi hata kama unapendeza. Machweo ya rangi ya mirinda yatapata sifa nyingi, ila yakimfanya yangeyange awe wa chungwa hakuna tena picha ya yangeyange. Chini ya miti mizito ya Rondo au Litipo tatizo hugeuka: majani hupaka kila kitu kijani, na kifua cheupe cha ndege kinakuwa kama kimeota kuvu. Mwonyeshe sehemu moja inayopaswa kuwa nyeupe au ya kijivu, arekebishe mizania ya weupe kwa hiyo, aache nyingine zifuate.

Mfano unaofaa kuujua ni wa wadiria wawili. Mdiria wa mikokoni, Halcyon senegaloides, ana mdomo mwekundu wote. Ndugu yake wa porini, Halcyon senegalensis, ana nusu ya juu nyekundu na nusu ya chini nyeusi. Sasa chukua picha ya mchana, jua likitoka juu: nusu ya chini ya mdomo imo kivulini, mhariri ameongeza ukali wa weusi, na ndege wa mikokoni amegeuka wa porini. Kabla hujamwambia mtu amekosea jina, inua vivuli kwenye faili uone kama kuna wekundu chini yake.

Kwa ndege weupe, angalia kilichoachwa nje ya fremu. Egretta garzetta ana mdomo mweusi na miguu myeusi yenye vidole vya njano. Yangeyange wa ng'ombe ana mdomo mfupi wa njano. Yule mkubwa kuliko wote, Ardea alba, ana mstari wa mdomo unaopita hadi nyuma ya jicho. Mpigaji aliyekata miguu amekata kitambulisho. Hivyohivyo kwa komba mdogo wa Rondo, ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1997 kwa jina la nyanda hizo za Lindi: mkia wake wenye manyoya yaliyosimama pande zote ni alama kubwa, na picha isiyo na mkia ni uso mzuri tu wenye macho makubwa.

Ukisahihisha jina, toa sababu inayoonekana. "Tazama mstari wa mdomo ulivyopita nyuma ya jicho" inamfundisha kutambua. "Siyo huyo" haimfundishi lolote.

Uhariri mwingine wa kuuangalia ni ukali uliozidi, unaoacha mstari mweupe kuzunguka ndege, na kufuta chengachenga hadi manyoya yote yamelala. Yote mawili hurekebishika kwa dakika mbili, kwa hiyo yaseme mwisho. Anza na yale ambayo kompyuta haiwezi kuyarudisha: saa, kimo, fokasi, mwendo, weupe ulioungua. Mwezi uliobandikwa au ndege aliyeongezwa kundini ni jambo jingine. Ukilishuku, uliza faraghani, na ushauri tu kwamba liandikwe chini ya picha.

Ndege alilipa nini

Kabla ya ufundi wowote, angalia kama picha ilipatikana kwa kumsumbua mnyama. Kundi zima la ndege wa topeni likiruka huku wote wakielekea upande ulio mbali na kamera, mara nyingi mtu amelikimbiza. Ndege hao wametoka mbali sana na saa za kula kwao zinapangwa na maji. Kila mruko ni chakula kilichopotea. Ndege aliyefungua mdomo na kutandaza mabawa juu ya kiota si "pozi", anatishwa. Majani yaliyokatwa kuzunguka kiota yanawaachia kunguru njia. Komba aliyepigwa flashi ya uso kwa uso anakuwa na macho yaliyong'aa yasiyo na mboni, na kwa muda baada ya hapo haoni vizuri mahali anapotakiwa kuruka. Afadhali tochi hafifu nyekundu na ISO ya juu.

Ukiona hivyo, usisifu ufundi kwanza halafu ukaongeza onyo mwishoni. Onyo litamezwa na sifa, na wengine watakwenda kufanya vilevile. Sema hilo, kwa upole, na usiseme jingine. Picha ya kiota pia isitumwe ikiwa na alama za mahali ndani ya faili, mwambie azifute.

Kulisema lenyewe

Jambo moja kubwa, na dogo moja kama lazima. Ukitaja saba, mtu husikia "acha kupiga picha". Sifa nayo iwe ya kitendo alichokifanya, ili aweze kukirudia: "umesubiri hadi amegeuza kichwa kwenye jua" ina maana, "picha nzuri" haina. Na useme "manyoya ya shingo yameungua", usiseme "umeunguza".

Kwa mtu mzima, mfano:

"Shikamoo mzee. Yangeyange umemkamata samaki akiwa bado mdomoni, na jicho lina nukta ya mwanga. Hapo usibadili kitu. Nililoliona ni manyoya ya shingo, yameungua. Histogramu imegonga kulia. Nadhani ni ile mikoko ya nyuma, kamera imeona giza ikaongeza mwanga. Ukienda tena Mikindani, shusha mwanga kwa 1 kabla ndege hajaja, piga moja ya majaribio, uikuze shingoni uangalie."

Kwa rika lako inaweza kuwa fupi: "Kaka, tawi limeshika, ndege hajashika. Ulikuwa 1/320. Weka 1/1000, ISO ipande itakavyo, halafu tuone." Kwa kijana anayeanza, muulize kwanza yeye anaona nini. Mara nyingi kosa analijua na anachokosa ni sababu tu, na akilitaja mwenyewe hutahitaji kumtajia.

Mbele ya kundi sema yale yanayowafaa wote, kama saa na maji. Kosa la jina la ndege kwa mtu mwenye heshima yake, au suala la kiota, lipeleke pembeni. Usichukue picha ya mtu ukaihariri na kuirudisha kundini bila ruhusa yake, hata kama umeipendezesha. Omba, ukiruhusiwa mtumie yeye, naye akipenda ataionyesha. Wakosoaji wawili wakipingana, mmoja akitaka ndege awe mkubwa na mwingine akitaka mikoko ionekane, waseme wote wanataka nini na kwa nini, mwenye picha ataamua.

Halafu omba kuona picha ijayo ya mahali palepale, muiweke kando ya ile ya kwanza. Kama ulisema mwanga wa saa kumi ndio dawa naye akarudi saa kumi na ndege bado ni kivuli, ushauri wako ndio wa kukosolewa: pengine ghuba hiyo inatazama magharibi.

Zipo picha za kutokosoa kwa uzuri hata kidogo. Mtu akileta ndege asiyemfahamu, mbali, mwenye chengachenga, aliyepigwa kwa simu iliyowekwa kwenye darubini, usianze na fremu. Uliza tarehe, saa, mahali, alikuwa akifanya nini, na kama kuna picha nyingine za upande tofauti, hasa za mdomo, miguu na bawa likiwa wazi. Mwambie asifute hata moja, asikate kingo, na ahifadhi faili la awali kama lilivyotoka.